Kidari cha Mke wa Yoramu

Marehemu mume wangu Yoramu ndiye aliyekuwa akikata nyama ya Krismasi hapa kwetu Kirua Vunjo, kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa kwanza. Akishika kisu, hata watoto walinyamaza. Alipolala katika Bwana, kisu kikaenda kwa mdogo wake, Eliakim. Baadaye mkono wa shemeji ukaanza kutetemeka, hata chai akawa anainywa kwa mrija.

Huko India walimwingizia waya nyembamba ndani ya ubongo, na betri chini ya ngozi ya kifua. Mtetemeko ulipungua, ila kisu bado kilimshinda. Mwaka huu madaktari wa utafiti wakamwita Moshi mjini. Nikamsindikiza mimi, maana mkewe anaumwa miguu.

Dokta Aikande, binti mdogo tu, alituamkia, akaeleza bila haraka. Watazima betri kwa muda, wamwekee sumaku kichwani, kwa nje, bila kumkata. Kisha watawasha betri na kutumia vyote viwili pamoja, waone mtetemeko unapita njia gani.

"Na Krismasi nitakata nyama?" shemeji akauliza.

"Baba, nisikudanganye. Haya ni ya kujifunza. Labda yatawafaa watakaokuja."

Akanitazama. Nilijua amekuja kwa ajili ya kisu. Nikaomba kimoyomoyo.

"Haya, endeleeni," akasema. "Hata hizi waya zangu, kuna aliyejaribiwa kwanza."

Walipozima, mkono ukapiga meza kama kuku aliyechinjwa. Sumaku ikalia ko! kichwani, kidole kikaruka chenyewe. Akacheka, akasema hata Yoramu hakuwahi kumwamrisha namna hiyo. Walipounganisha vyote viwili, mkono ukatulia. Nilikuwa nautazama, nikauona. Walipoondoa sumaku, ukarudi ulivyokuwa asubuhi.

Krismasi ilipofika, mbuzi akiwa ameshalazwa juu ya majani ya mgomba, shemeji akamwita mwanangu Godlove, akampa kisu mbele ya ukoo wote. Godlove anaishi Dar, hakujua aanzie wapi. Wajomba wakamtania kwamba huyu nyama anaijua ya buchani, kwa kilo. Shemeji akawa anamwelekeza, mguu huu wa nani, shingo ya nani.

Walipofika kwenye kidari, nyama ya kifua, akainuka, akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya mkono wa Godlove. Wakakata pamoja, taratibu.

"Hiki ni cha mke wa Yoramu," shemeji akasema.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kimekatwa kombo. Yoramu angewacheka mpaka jioni.