Kidole cha Pili

"Wakala alikubonyezesha kidole mara ngapi?" jirani aliwahi kumuuliza mjane aliposajili laini ya simu. "Ukirudia, matapeli wanapata laini kwa jina lako." Mjane alicheka tu.

Leo fundi alikuja kuweka laini ya akiba kwenye ruta, ili intaneti ya waya ikikatika mjane asikose sala ya pamoja na wanawe walio mbali. Mjane akabonyeza kidole kwenye kifaa cha fundi cha kusajili laini, taa ya kijani ikawaka.

"Kidole hakijasoma, mama. Rudia."

Akarudia. Taa ya kijani ikawaka kama mwanzo.

"Bado, mama."

Mjane akaficha mkono, akakagua kwenye simu laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Zilikuwa tatu: ya simu, ya ruta, na nyingine asiyoijua.

"Na hii, mwanangu, ni ya malaika?"

Fundi akabeba begi lake, akatoka.