Mkono Ulioishia Kifundoni

“Mama Nakijwa, kwani wewe uliolewa na mkono?”

Jirani yangu Namsifu aliniuliza hivyo siku moja, akitazama picha ya ndoa yangu ukutani. Alicheka mpaka akashika mlango. Sikumlaumu. Pichani mimi niko katikati na shela langu, kulia kwangu shangazi Nanzia aliyenisimamia, na kushoto, begani kwangu, kuna mkono wa mwanamume. Unaishia kifundoni. Baada ya hapo ni fremu.

Mpiga picha alisimama karibu mno. Picha nyingine zote zililowa mwaka ule upepo ulipong'oa bati. Baba Nakijwa ana miaka kumi na moja kaburini sasa, na niseme ukweli, sura yake ilikuwa inanitoka. Kikohozi chake nakikumbuka. Mwendo wake naukumbuka. Sura, hapana. Kila jioni nilimwomba Mungu anionyeshe mara moja tu, nisije nikamkuta huko mbele nikampita.

Juzi mwanangu Nakijwa alinitumia vilenzi vya kubana kwenye simu, vya bei rahisi, ndani ya kijimfuko. Kimoja cha kukuza vitu vidogo, kimoja cha kupanua picha, kimoja wanakiita jicho la samaki. Akanipigia: “Mama, ukibana hicho cha kupanua, hata aliyesimama pembeni anaingia.”

Neno hilo nililala nalo. Na usiku wa jana niliota niko sebuleni nafungua kijimfuko.

Jicho la samaki likasema, “Maji.”

Nikalitia kwenye beseni. Likatulia.

Kilenzi cha kupanua kikakohoa. “Bwana asifiwe, mama.”

“Amina.”

“Nifute kwanza. Kwa kitambaa laini, si kwa kidole.”

Nikakifuta kwa pindo la kanga.

“Sasa nibane juu ya jicho la simu, sawasawa. Ukinipindisha, kona zinakuwa nyeusi.”

Nikakipindisha bila kutaka. Kona za sebule zikawa nyeusi. Kuku aliyekuwa kwenye kona mojawapo akauliza, “Umeme umekatika?” Nikakinyoosha. Kukawa na mwanga, na sebule ni kanisa letu la Gonja, siku ya ndoa yangu, maua ya karatasi mpaka mlangoni na milango inanuka rangi mpya.

Naelekeza simu kwenye picha. Picha inapanuka, inasukuma fremu, inasukuma ukuta. Mimi mwenye simu na mimi mwenye shela hatusalimiani, tuna haraka.

Shangazi Nanzia anashusha pumzi. “Afadhali,” anasema. “Nimebana tumbo tangu mwaka themanini na tisa.”

Upande wa kushoto kinatokea kiwiko. Kisha bega. Kisha Baba Nakijwa mzima, ila uso umerefuka kama papai na mguu mmoja umejikunja kwenye ukingo.

“Nakunda,” ananiita. Jina la usichana wangu. Hakuna aliyebaki wa kuniita hivyo. “Huu mkono umekufa ganzi.”

“Vumilia. Sikuoni vizuri. Umepinda.”

“Nimepinda mimi, au ni hiyo simu yako?”

Nakiuliza kilenzi. Kinajibu bila aibu, “Mama, mimi ni wa bei rahisi. Wa katikati namnyoosha, wa pembeni nampinda. Sijui kazi nyingine.”

“Basi mweke yeye katikati.”

“Katikati uko wewe.”

Nafikiri kidogo. Shela ni langu, siku ni yangu, na katikati pale nimetazamwa miaka yote hiyo. Nikanyanyua gauni, nikasogea. Shangazi naye akasogea, akinung'unika kwamba harusi hii haiishi. Shingo yangu ikaanza kurefuka kama ya twiga. Sikujali.

Naye Baba Nakijwa akanyooka.

Sikio lililochanwa na waya wa zizi. Nyusi zilizokutana. Pengo la juu. Macho yale ya kusinzia, ambayo kumbe hayasinzii.

“Ndiyo,” nikasema. “Ndivyo ulivyokuwa.”

“Ulidhani nilikuwaje?”

“Nilishaanza kukuchanganya na fundi cherehani wa sokoni.”

“Yule mwenye meno?” Aliudhika kidogo. Akatazama mkono wa shati lake. “Shati zima ulinishonea kwa uzi mweupe. Kifungo hiki, uzi wa bluu.”

“Mweupe uliniishia asubuhi ile. Kumbe uliona?”

“Niliona. Ndiyo maana nilijivuta pembeni, watu wasije wakakucheka kwenye picha.”

“Usipumue, mama,” kilenzi kikasema. “Ukitikisika, anafifia.”

“Nimepumua miaka kumi na moja peke yangu,” nikakijibu. “Nitapumzika kidogo.”

Nikabana pumzi. Simu ikalia. Nikaamka.

Kumekucha. Nikasali, nikabandika chai. Ukutani sikutazama, niliogopa.

Namsifu akaingia kurudisha chujio langu. “Umeamkaje, Mama Nakijwa? Na mume wako mkono, kaamkaje?”

Akaisogelea picha, mdomo umeshajiandaa kucheka. Akasimama. Akainama karibu zaidi. Nami nikasogea nikaona: mkono haukuishia tena kifundoni. Ulifika kwenye pindo la mkono wa shati, na kwenye pindo kulikuwa na kifungo kimoja, kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

“Mweupe uliniishia,” nikamwambia.

Namsifu akaweka chujio mezani, taratibu, akatoka.