Salamu ya Sikio

Mimi sikumdanganya mtu. Niliingiwa na maji sikioni, basi. Ukioga ndani ya meli inayoyumba, maji hayashuki chini, yanakwenda yanakotaka. Asubuhi ya kwanza nikatoka bafuni nimeshika sikio, naruka kwa mguu mmoja ili yatoke, nikakutana uso kwa uso na mkuu wa msafara, mama mmoja asiyeachana na daftari lake. Akanitazama. Akashika sikio lake. Akaruka.

"Kumbe kwenu mnasalimiana hivi!" akasema, na kuandika.

Ningesema nini? Vijana mia mbili wa nchi mbalimbali, tumepandishwa meli kuonyeshana mila, kila mtu na ngoma yake na mavazi yake, mimi peke yangu kutoka kwetu, na sanduku limepotea njiani. Nikaitikia. Hapo ndipo nilipojichongea.

Kufikia chakula cha mchana, wote wanaruka. Wiki ya pili, semina juu ya salamu yetu. Wakaniuliza: wakubwa wanarukiwa kwa mguu wa kushoto? Nikasema ndiyo, maana njaa inaniuma, nataka waniache nikale. Nahodha, mtu mzima na magoti yake mabovu, kila akiniona anashika ukuta, anaruka. Jamani, nilimwonea huruma, lakini kuusema ukweli nikashindwa.

Halafu ratiba ikabandikwa ukutani. Kituo cha mwisho, kwetu. Mgeni rasmi, mzazi wa mwenyeji: mama yangu. Yaani mama fundi cherehani, aliyeutangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni balozi, na ambaye ukimsalimia huku unatafuna tu, utajuta! Siku tatu nikajificha chumbani kwa hofu ya kumwaibisha.

Siku ikafika. Mama akapanda ngazi ya meli na gauni alilolishona kwa ajili hiyo. Vijana mia mbili wakashika masikio, wakaruka. Meli ikatikisika.

Mama akawatazama, kisha akanitazama mimi. Uso wangu wa makosa anaujua tangu sijaota meno.

"Shikamoo, mama."

"Umewafundisha wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akanyoosha mkono, akalikamata sikio langu, akalisokota mpaka nikaruka kwa mguu mmoja.

"Aaah!" wakasema wote. Mkuu wa msafara akafungua daftari mbiombio. "Kumbe tulikuwa tunakosea! Unashika la mwenzio!"

Kabla sijafungua mdomo, foleni ilishapangwa mbele yangu. Wa kwanza alikuwa nahodha, anakunja mikono ya shati taratibu.

Mama akasogea pembeni kumpisha.