Mwaka Niliomfundisha Rawya Nyumbani

Mwaka ule niliokaa nyumbani na binti yangu, wanaume wenzangu wa mtaa wa Darsait, Maskati, walinipachika jina: Mama Rawya. Aliyeanza ni Mahfoudh, rafiki yangu tangu Tabora, mwenye duka la vipuri vya magari chini ya jengo letu. Akiniona nashuka ngazi, kapu mkono huu na mtoto mkono huu, alipaza sauti barabara nzima isikie: "Mama Rawya, leo mnapika nini?" Nilimjibu matusi ambayo hayaandikiki, kisha tukakaa kwenye viti vyake vya plastiki tukanywa chai ya maziwa. Ulikuwa mwaka wa 1996. Ningeambiwa nichague mwaka mmoja wa kuishi tena, ningeuchukua huo, na jina lake juu.

Kilichonirudisha nyumbani ni mgongo. Nilikuwa mtunza ghala katika kambi za mafuta huko jangwani, Maskati nikija kama mgeni, mpaka siku nilipoinama kuokota boksi na nisiinuke. Wakanipa kiinua mgongo, na mgongo wenyewe wala haukuinuka. Mke wangu, Nasriya, alikuwa muuguzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango Rawya akirudi kutoka shuleni, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua kwamba huko shuleni hasemi.

Nyumbani alikuwa haachi kusema. Alikuwa na miaka minane, na tangu anafumbua macho alikuwa anauliza, anajibu, anagombana na kijiko. Sasa mwalimu wake anatuambia kwamba darasani hajatamka neno kwa miezi. Chanzo tulikipata kwa mtoto wa jirani. Rawya aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na kwa haraka yake maneno yakamtoka kwa Kiswahili. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Mzanzibari, ingawa Unguja ni kwa mama yake tu, ukoo wangu wote umetoka Tabora na bahari waliiona siku ya kupanda meli. Kwa watu wengi hapa, ukishatoka Afrika wewe ni Mzanzibari, hakuna cha kueleza. Mtoto akaona bora afunge mdomo.

Mudira, yaani mwalimu mkuu, hakuwa mtu mbaya, ingawa siku ile nilimchukia kwa moyo wote. Alituita, akasema mtoto asiyesema hawezi kupanda darasa, na kwamba kuna kituo cha watoto wenye matatizo ya kusema, huko ndiko watamsaidia. Nikasimama. "Mwanangu anasema!" nikamwambia, na kwa hasira nikasema kwa Kiswahili. Kiarabu changu ni cha sokoni. Naweza kununua, naweza kuuza, lakini nikikasirika kinanikimbia chote. Nasriya akanivuta kanzu nikae, akazungumza na mudira kwa utaratibu. Wakaafikiana: tumfundishe wenyewe nyumbani kwa mwaka mmoja, kisha tumlete mbele ya mudira na walimu wawili. Akisoma na kujibu, atarudi na wenzake. Akinyamaza, ataenda kituoni.

Ndivyo meza yetu ya kulia ilivyogeuka darasa. Hesabu tulifanya kwa tende, na somo lilikwisha pale mwanafunzi alipokula jibu. Jiografia nilifundisha niliyoijua, yaani reli. Mtoto wa Maskati, ambaye treni hajaiona hata moja, alikuwa anazitaja stesheni kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma na mluzi juu. Alijua kwamba Itigi inakuja baada ya Manyoni. Alijua Tabora ndipo reli inapogawanyika, na kwamba hapo wachuuzi walikuwa wanauza asali na karanga dirishani, na kwamba babu yake alikuwa na duka karibu na stesheni. Nilikuwa najifunza upya mwenyewe. Kuna majirani zetu wa Tabora ambao sikuwa nimewakumbuka kwa miaka, wakafufuka mezani pale kwa sababu tu mtoto kauliza, "Na nyumba ya pili, nani alikaa?"

Nasriya alirudi kutoka zamu akatukuta tuko Dodoma.

"Baba Rawya," akasema, bado hajavua viatu, "mtoto huyu ataulizwa Nizwa iko wapi, wewe wamfundisha Itigi! Kiswahili chako chenyewe cha reli, na masomo nayo ya reli?"

Yeye ni mtu wa Unguja, na watu wa Unguja wakishakuhurumia Kiswahili chako huna pa kushitaki. Lakini alikuwa na haki. Siku zake za mapumziko alimsomesha Kiarabu, na kusoma Rawya alisoma vizuri tu, kidole chini ya mstari. Ilipofika kukisema, hata mbele ya mama yake, alitazama chini. Miezi ikaanza kwenda. Nilikuwa naamka alfajiri nikiwaza kile kituo, namuona Rawya wangu kakaa huko na maneno yake yote tumboni.

Kilichotuokoa kilianza na sahani.

Mlango wa pili kutoka wetu alikaa Bi Wadha, mjane aliyeletwa mjini na mwanawe kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Sharqiya. Kiswahili hakukijua hata salamu. Siku moja alituletea sahani ya tende, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikapika vitumbua, ndiyo, mimi, Mahfoudh asisikie, nikampa Rawya apeleke. Kesho yake sahani ikarudi na mkate wa rakhal, ule mwembamba kuliko chapati. Tukapeleka kachori. Ikaja halwa. Vita vya sahani vikapamba moto, na mpeleka sahani alikuwa Rawya.

Bi Wadha hakuwa mtu wa kupokea sahani mlangoni. Alimkalisha mtoto mkekani kama mgeni wa heshima, akamtilia kahawa kidogo sana, kitakoni tu mwa kikombe. Mimi nilibaki ukumbini nje, kwenye kigoda, mlango ukiwa wazi, maana mwanamume haingii kwa mjane. Kutoka pale nilisikia kila kitu.

Bi Wadha alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegeza kwa mkubwa wala mdogo. Mgeni akifika, anasalimiwa, anapewa tende na kahawa. Kisha mwenyeji anamuuliza, "Shi ulum?" Kuna habari? Naye anajibu, "Ma shi ulum," hakuna habari, hata kama nyumba yake imeungua. Halafu ndipo habari zinapotoka, moja moja: afya, mvua, mifugo, nani kaoa. Mgeni anayefungua mdomo kabla hajaulizwa ulumu, kwa Bi Wadha, hakulelewa. Rawya alipomjibu swali moja kwa kichwa kabla ya wakati wake, yule bibi aliinua kidole, na wote wawili wakaanza upya kutoka kwenye tende.

Nilidhani mtoto ataogopa. Kumbe aliipenda kanuni ile kupita halwa. Darasani maneno yalimponyoka, akachekwa. Pale kwa Bi Wadha kila neno lilikuwa na zamu yake, na zamu yako ikifika watu wote wanakaa kimya kukusikiliza. Asubuhi moja, bibi akauliza kama kawaida, na sauti ya mwanangu ikasema, wazi kabisa, "Ma shi ulum." Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini sakafuni, nikasogeza kigoda karibu na mlango.

Baada ya hapo ikawa kila siku, na si Bi Wadha peke yake. Wanawake wa jengo walikuwa na zamu za kahawa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na Rawya aliingia kote. Mmoja alimfundisha kushona pindo, mwingine Kurani, mwingine namna ya kumtambua samaki aliyelala, asiye wa leo. Wahenga wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wanasema kwa kutisha. Ulimwengu wetu sisi ulikuwa ngazi za ghorofa, na ulikuwa unanukia hiliki na udi. Siku hizi nakaa Al Khoudh, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la umeme. Jirani yangu namjua kwa gari lake. Sahani za nyumba hii ziko zote kabatini, hakuna hata moja iliyotoka nje, na kuna siku hilo linaniuma mpaka namkasirikia mtu asiye na kosa.

Mwaka ukaisha. Siku ya kumpeleka Rawya shuleni ilikuwa ya joto la kukata pumzi, na Nasriya alinyimwa ruhusa kazini. "Mpeleke wewe," akaniambia asubuhi, akimfunga mtoto utepe wa nywele. "Na ukikasirika, nakuomba Baba Rawya, kasirika ukirudi." Mahfoudh akafunga duka akatupeleka kwa gari lake. Njia nzima hakuniita Mama Rawya, na hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

Ofisini walikuwa watatu nyuma ya meza, mudira katikati. Rawya akaketi kwenye kiti mbele yao, mimi pembeni. Mudira akatabasamu, akamuuliza jina lake.

Rawya kimya.

Akamuuliza tena, polepole. Kimya. Akamuuliza ana miaka mingapi. Mwalimu wa kushoto akamtazama wa kulia, akaandika kitu. Nikaona mwaka mzima, tende, reli, sahani, yote yanamwagika pale sakafuni. Nikamtazama mwanangu ili nimwombe kwa macho.

Hakuwa anatazama chini. Alikuwa kaketi wima, viganja juu ya magoti, macho kwa mudira, mpole kabisa, kama mtu aliyefika mapema akawakuta wenyeji bado hawajawa tayari. Nikaelewa. Huyu haogopi. Huyu anawasubiri wao.

"Mudira," nikasema, na Kiarabu changu cha sokoni kikaanza kutawanyika, "samahani. Yeye... kwanza ulumu. Muulize ulumu."

"Ulumu?" Mudira akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Akaweka kalamu chini. Pembeni ya meza kulikuwa na chupa ya kahawa na kisahani cha tende, maana ofisi gani ya Maskati haina? Akakisogeza kisahani mbele ya Rawya. Rawya akachukua tende moja, kwa mkono wa kulia, akaila taratibu, kokwa akaliweka pembeni. Sote watu wazima tukamngoja.

"Shi ulum, ya Rawya?"

"Ma shi ulum," akasema Rawya. Kisha akatoa habari. Sisi wazima, Alhamdulillahi. Mvua bado, tunamwomba Mungu. Mbuzi wa kaka yake Bi Wadha wamezaa mapacha. Yote kwa Kiarabu cha ajuza wa Sharqiya, pamoja na ile pumzi ndefu ajuza anayoishusha kati ya habari na habari.

Walimu wawili wakaangua kicheko.

Kicheko ndicho kilichomfunga mdomo mara ya kwanza. Rawya akanyamaza, kweli. Akawatazama wanavyocheka, mmoja baada ya mwingine. Nilikwisha kuinuka nusu kwenye kiti, na mgongo wangu huu, nimbebe tuondoke. Lakini yeye alikuwa anangoja tu wamalize. Walipomaliza akawauliza, kwa adabu zote, "Na nyinyi, shi ulum?"

Mudira hakucheka. Akasema, "Ma shi ulum, mwanangu," akampa habari zake: mama yake mgonjwa kijijini, na yeye hajamtembelea. Rawya akamwombea mama huyo afya. Halafu akasema jina lake bila kuulizwa tena, na miaka yake, na akapewa kitabu akasoma, kidole chini ya mstari, mpaka mwalimu wa kushoto akasema basi, basi, yatosha.

Hapo mudira akanigeukia mimi. Akasema maneno mengi, ya haraka, ya kiofisi, na mimi, kwa furaha au kwa hofu, sijui, sikushika hata moja. Nilisikia jina la Rawya, nikasikia neno la darasa. Akamaliza. Wote watatu wakawa wananitazama, wanasubiri jibu. Nikamtazama Rawya.

Rawya akageuka kwenye kiti chake. Pale pale, mbele ya meza ile, mbele ya walimu wale, kwa sauti yake ya nyumbani, sauti ya kugombana na kijiko, akasema kwa Kiswahili:

"Baba, anasema nirudi na wenzangu. Anauliza kama una neno lolote. Sema huna, Baba, twende, nna njaa."

Nilitaka kulisema hilo neno moja tu, nikawa bado natafuta Kiarabu chake. Rawya akaningoja kidogo. Kisha akanishika mkono, akamgeukia mudira, akanijibia.