Korongo wa Silanga la Kwa Ndeti

Kivuva alikuwa uani akipiga ndengu kwa fimbo simu ilipolia mfukoni. Alipoona jina la Mutindi, aliiachia fimbo ikaanguka. Binti yake hakuwa na mazoea ya kumpigia, na yeye hakuwa na mazoea ya kumpigia binti yake.

"Baba, nakuja nyumbani Jumamosi. Nitakaa kitambo."

"Karibu, mama. Karibu sana." Alimwita mama kwa sababu Mutindi lilikuwa jina la mamake mzazi, na hivyo ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga wa kubebwa.

"Nimesikia kuna ndege hapo silanga la Kwa Ndeti. Ile video ya Wayua imenifikia huku Nairobi. Nataka kumtengenezea filamu. Wewe umemwona?"

Furaha ya Kivuva ilipungua kidogo, kama taa inapopungukiwa mafuta. Kumbe mgeni anayetembelewa ni ndege. Hata hivyo akajibu haraka, "Nimemwona," akihofia kwamba akisema hapana safari itavunjika. Simu ilipokatika alivaa kofia, akaacha ndengu zikiwa zimetapakaa kwenye turubai, akashuka mbio hadi silangani, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, ili maneno yake yasiwe ya uongo.

Na kweli ndege alikuwepo. Alisimama peke yake upande wa juu wa silanga, penye matete, miguu mirefu myekundu ikiwa ndani ya maji. Mgongo ulikuwa mweusi, lakini jua lilipompiga weusi ule uligeuka kijani, kisha zambarau. Tumbo lilikuwa jeupe kama kanzu ya kwaya. Kivuva alimtazama kwa wivu.

Mutindi alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Alipofika Jumamosi alimweleza babake, huku akimenya viazi vya chakula cha jioni, kwamba yule ni korongo mweusi, kwamba huja kutoka Ulaya wakati wa baridi ya huko, na kwamba si rahisi kumwona katika nchi hii, sembuse kwenye silanga la ng'ombe pale Kathonzweni. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimelijaza silanga hadi ukingoni, kambare na vyura wakawa tele, na korongo akapata mahali pa kula. Mwezi wa tatu angerudi kwao.

"Harusi ni kazi nzuri," alisema Mutindi. "Lakini hii nataka iwe yangu."

Kivuva aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na mengi ya kuuliza, ila hakujua aanzie wapi. Miaka yote Nzisa, mkewe, ndiye aliyekuwa daraja kati yao. Nzisa angeongea na binti yake kwenye simu nusu saa nzima, kisha angegeuka aseme, "Mutindi anakusalimu," naye Kivuva angejibu, "Msalimie pia." Hivyo ndivyo walivyopendana kwa miaka. Nzisa alipofariki, miaka miwili iliyopita, salamu zilikosa wa kuzibeba.

Siku ya pili wanaotumia silanga walikutana juu ya tuta la udongo linalozuia maji. Mutindi aliomba upande wa matete uachwe kimya mpaka ndege aondoke. Mutisya, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wenzake, hakutaka hata kumaliza kusikiliza.

"Ng'ombe wangu watakunywa picha?" aliuliza, watu wakacheka.

Wayua, mwenyekiti wa kamati ya silanga, hakucheka. Yeye ndiye aliyemwona korongo kwanza, alipokwenda kuteka maji, na tangu siku hiyo alimtetea kama kuku wake. "Mutisya, ng'ombe watanywea upande wa tuta. Maji ni yale yale. Huyu mgeni ametoka mbali, akapita Kitui, akapita Machakos, akatuchagua sisi. Tutamfukuza?"

"Na nani atazuia watu? Tayari wanatoka hata Mbooni na bodaboda kuja kumwona."

"Watamtazama kutoka hapa juu ya tuta," alisema Wayua. "Mimi mwenyewe nitawazuia."

"Na huko chini," ilisikika sauti nzito nyuma, "mimi nitakaa na binti yangu."

Wote waligeuka. Alikuwa Kivuva, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa. Mutindi alimkazia macho babake, kisha akatazama chini, na Kivuva hakuweza kujua kama amefurahi au ameona haya.

Walijenga kibanda cha kujifichia kwa fito na nyasi, kidogo sana, cha kuwatosha wawili na kamera kwenye miguu yake mitatu. Waliingia alfajiri kabla ya korongo kuanza kula, wakatoka jua likipanda sana. Tatizo likawa moja. Kivuva alikuwa mwalimu wa kwaya. Sauti yake ilizoea kufika hadi kiti cha mwisho kanisani bila kipaza sauti, na kunong'ona hakujua.

"Anakula nini?" aliuliza asubuhi ya kwanza, akidhani amenong'ona.

Korongo aliinua shingo. Mutindi aliweka kidole mdomoni. Kivuva akanyamaza, akajaribu kupumua kidogo kidogo. Baada ya muda koo likamwasha. Alizuia, akazuia, machozi yakamtoka, na mwishowe kikohozi kikalipuka kama bunduki. Korongo aliruka, akavuka silanga, akapotelea upande wa pili.

"Nisamehe, mama," alisema Kivuva, akianza kutambaa kuelekea mlangoni. "Naenda kumalizia ndengu. Hapa nakuharibia kazi."

"Baba, kaa."

"Nimemfukuza."

"Atarudi. Kaa tu." Mutindi alimvuta ukosi wa shati, kwa upole, kama mtu anavyomzuia mtoto asiteremke barabarani. Kivuva akakaa. Jua lilipokuwa limepanda kidogo korongo alirudi, akatua pale pale, akaendelea kula kana kwamba hakuna aliyewahi kukohoa duniani.

Kuanzia hapo Kivuva alijifunza kunong'ona. Alijifunza kama alivyowafundisha wanakwaya wake kushusha sauti, pumzi ikitoka tumboni na midomo ikifanya kazi yote. Na jambo la ajabu likatokea. Yale maneno ambayo hayakuweza kutoka kwa sauti kubwa, mezani au kwenye simu, yalianza kutoka kwa sauti ndogo. Labda ni kwa sababu ndani ya kibanda hawakutazamana. Wote wawili walimtazama ndege.

Walianza na vitu vidogo. Mutindi alisema kwamba sukuma wiki za Nairobi hazina ladha. Kivuva alisema paa la jikoni linavuja. Kisha asubuhi moja, jicho likiwa kwenye kamera, Mutindi alinong'ona, "Baba, siku ile Mama alipofariki mimi nilikuwa Naivasha kwenye harusi ya watu. Ulinikasirikia?"

Kivuva aligeuka mzima mzima, nyasi zikavunjika. "Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna. Lakini tangu mazishi huongei na mimi."

"Mama, mimi tangu zamani siongei na mtu. Mamako ndiye aliyekuwa akiongea." Alitafuta maneno. Korongo alipiga hatua mbili majini, taratibu. "Unajua alikuwa akifanya nini jioni? Alikuwa akitazama zile harusi zako. Zile unazoweka kwenye mtandao. Alinilazimisha nami nitazame. Watu hatuwajui, hatujawahi kukutana nao, na yeye analia machozi kwa furaha yao. Aliwajua mabibi harusi wote kwa majina. Kuna mmoja wa Kibwezi aliyeteleza akaanguka kwenye keki, huyo alimwombea hasa, ndoa yake isiteleze."

Mutindi aliuma mkono wa sweta yake ili asicheke kwa sauti. Mabega yalitikisika. Kivuva alidhani bado anacheka, mpaka alipoona shavu lake limelowa.

"Alitazama zote?"

"Zote. Nyingine mara mbili. Alisema, 'Tazama, huyu mtoto anajua mahali pa kuweka macho.' Mimi sikuelewa. Sasa nimekaa hapa, naanza kuelewa."

Mutindi alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaushika mkono wa babake, na wakakaa hivyo mpaka korongo aliposhiba.

Mwezi wa tatu ulipoingia maji yalikuwa yamepungua, na korongo alianza kutulia kwa njia tofauti. Alikula kidogo, akasimama sana, mdomo mwekundu ukielekea kaskazini. Mutindi alikuwa na kila kitu isipokuwa kimoja. Alikuwa amempiga picha akivua, akijitengeneza manyoya, akilala kwa mguu mmoja. Alichobakiza ni kuondoka kwake. "Filamu yote inangoja hapo," alimwambia babake.

Asubuhi ile joto liliwahi. Kivuva, aliyekuwa amekesha akifunga magunia ya ndengu, alisinzia kidevu kikiwa kifuani. Aliamshwa na kelele kutoka tutani. Watu walikuwa wakipiga vigelegele. Alifungua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni kioo cha kamera kikimtazama yeye, si silanga.

"Mama, ulikuwa unapiga nini?"

"Wewe," alisema Mutindi, akiigeuza kamera haraka kuelekea silanga. "Ulikuwa umelala vizuri."

Lakini penye matete hapakuwa na kitu. Walitoka nje ya kibanda wakiinua nyuso. Juu kabisa, mahali ambapo hewa ya joto hupanda, korongo alikuwa amebaki alama nyeusi inayozunguka, inazunguka, kisha ikanyooka kuelekea kaskazini. Mutindi hata hakujaribu kuinua kamera.

Kivuva alimgeukia binti yake. Miezi miwili ya kungoja, na sababu ya kukosa ni yeye kusinzia. "Mama, pole. Pole sana."

"Pole ya nini? Nimechagua mwenyewe." Alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja, na Kivuva, ambaye zamani angeenda kumtafuta Nzisa aje kushughulika, alimkumbatia. Hakujua vizuri mikono iwekwe wapi, lakini aliiweka.

Huko juu ya tuta watu walikuwa bado wakipiga kelele, kila mmoja akimsimulia mwenzake jambo ambalo wote walikuwa wameliona. Wayua alikuwa ameacha mtungi ukielea majini. Walipopanda kufika, Mutisya aliwakimbilia.

"Mmemwona? Alifanya hivi!" Mutisya alinyoosha mikono, akainama, akakimbia hatua za haraka juu ya tuta, tumbo likiruka, kisha akapiga mabawa mara moja, mara mbili. "Maji yalimwagika miguuni kama shanga! Halafu akapita hapa, hapa juu ya ng'ombe wangu, kivuli chake kikawapitia mgongoni mmoja mmoja!"

"Sivyo," alisema Wayua. "Aliruka akielekea kwangu kwanza. Akapiga duara. Alikuwa anaaga." Naye akanyoosha mikono, akazunguka taratibu, leso ikimpepea, uso ukiwa juu na macho yamefungwa.

Mzee mmoja aliyekuja na punda wa maji alisema wote wamekosea, akaiweka fimbo yake chini, akaonyesha kwa viganja tu.

Kivuva aliwatazama. Kisha akamgusa binti yake begani. "Washa kamera."

"Ameshaenda, Baba."

"Washa. Watazame hawa. Weka macho hapa."

Mutindi alitazama, na Kivuva akaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Aliweka kamera begani. Alimwomba Mutisya arudie, kisha Wayua, kisha mzee wa punda, kisha kila aliyekuwa tutani, na asubuhi yote watu wazima wa Kathonzweni walipaa mmoja baada ya mwingine, kila mtu na korongo wake.

Filamu ilikamilika mwezi wa saba. Mutindi alitaka ionyeshwe nyumbani kabla ya mahali pengine popote, kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada waliziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi na kutundika shuka jeupe mbele. Watu walijaa hadi mlangoni. Korongo alipotokea na weusi wake uliogeuka kijani, kanisa zima lilinyamaza. Ilipofika sehemu ya Mutisya kukimbia na tumbo lake, lilishangilia hadi ikabidi irudishwe nyuma. Mutisya alisimama akainama kwa heshima, akakaa, akasimama tena.

Kivuva alikuwa benchi la nyuma na Mutindi kando yake. Katikati ya kicheko kile, binti yake aliegemeza kichwa begani mwake, mbele ya waumini na kwaya yake yote. Mwanzo alikakamaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha akashusha bega kidogo, ili kichwa kikae vizuri, wakaendelea kutazama.