Jogoo Aliyewika Gizani

Watu wakinikuta sokoni hunipa pole ya kila kitu isipokuwa kile kinachoniuma. Pole ya goti, pole ya mwanangu Arsim kukaa Uswisi mwaka wa kumi na moja sasa. Pole ya jogoo hakuna anayenipa, kwani nani anamlilia jogoo? Basi mimi namlilia. Mimi Hanife, mke wa Tahir, nilimponza jogoo wa mwisho wa nyumba hii kwa huruma yangu ya kijinga, na nitaeleza nilivyofanya.

Huku kwetu Drenica jogoo hapimwi kwa nyama. Hawa weusi wetu, wenye manyoya mekundu shingoni na kishungi kidogo kisogoni, wanafugwa kwa ajili ya pumzi. Jogoo wa watu wengine anawika na kumaliza hata hujageuza kichwa. Wa kwetu anainama, ananyoosha shingo mbele, anatembea hatua mbili tatu huku sauti inakwenda tu, na wanaume wamesimama na saa mkononi wala hawapepesi macho. Sekunde kumi na tano ni wa kuliwa. Thelathini ni wa kufugwa. Akifika arobaini, watu wanatoka vijiji vya mbali na kuja kukaa uani kwako bila kuitwa. Baba mkwe wangu alikuwa na mmoja wa hamsini, na mpaka leo Tahir akimtaja jogoo yule huvua kofia.

Ukoo huo umekaa hapa miaka sitini. Vita vilipotutoa majumbani, mama mkwe alitembea siku mbili na mayai manane kifuani, ndani ya sweta, na dhahabu yake akaisahau chini ya godoro. Matatu yalianguliwa. Hao waliofuata wote wametokana na mayai yale matatu. Sasa mwaka jana, mwezi wa tatu, kicheche akaingia bandani. Akamuua jogoo mkubwa na matetea, akatuachia majike wawili. Mayai ya mwisho ya jogoo yule yalikuwa kwenye kikapu jikoni. Tukayaatamisha, tukapata vijogoo wanne. Majogoo wanne tu, duniani kote, wenye damu ile.

Jogoo wetu haharakishwi. Huwezi kumjua akiwa na miezi mitano, sauti bado inapasuka kama ya mvulana anayebaleghe. Unamlisha mahindi, unamtenga na majike, unasubiri mpaka mwezi wa kumi na moja. Wawili sauti zilikatika mapema, tukawala. Wakabaki wawili. Mmoja Tahir alimwita Jenerali, kifua mbele, jicho jekundu, akiona mtu tu anawika. Wa pili nilimwita mimi, Mpole. Huyu alikuwa mwoga. Uani hafungui mdomo, anasimama nyuma ya kuni mguu mmoja juu. Tahir alikuwa akikaa kwenye benchi asubuhi nzima anawatazama, na kila siku neno ni hilo hilo: yule wako, kizee wangu, ni bubu.

Lakini Mpole hakuwa bubu. Aliwika gizani. Alfajiri, kabla mlango wa banda haujafunguliwa, sauti yake ilikuwa inapita ukutani mpaka kitandani kwetu. Nilihesabu kwa tasbihi ya mama mkwe. Mwezi wa nane mwishoni, thelathini. Mwezi wa kumi, arobaini na sita. Nilikuwa nimelala chali, machozi yananiingia masikioni, maana ilikuwa ni sauti ile ile ya jogoo wa baba mkwe, ile iliyoniamsha asubuhi ya kwanza nilipoletwa hapa bibi harusi. Na pembeni yangu Tahir, macho wazi, anaangalia dari. Asubuhi moja aliniambia, kwa huzuni kabisa, kwamba mwaka huu majogoo wamekuwa kimya sana alfajiri.

Mume wangu alikuwa kiziwi. Haya, nimesema. Kwa miaka mitatu hakuna aliyethubutu kulisema katika nyumba hii. Arsim alimletea mashine ya masikio kutoka Uswisi, ndogo kama harage, na baba mtu akaifungia kwenye kopo la biskuti. Alisema yeye si kiziwi, sisi ndio tumeanza kunong'ona. Uso kwa uso alikuwa anakusoma midomo vizuri sana, wageni hawakugundua. Akikupa mgongo, umeishia hapo. Na mtu huyu ndiye aliyekuwa akiitwa vijiji saba kuamua jogoo gani abaki, gani aende, kwa sikio lake.

Sasa mniambie, ningesemaje? Nikimwambia Mpole anawika, nimemwambia kwamba kila asubuhi analala hapo na hasikii. Niliona nitamvunja. Kwa hiyo nikatafuta njia ya uchochoroni. Jioni, kabla ya siku ya kuchagua, nilimpelekea chai, nikakaa mbele yake, nikamwomba aniachie Mpole.

"Wa nini?" akaniuliza. "Hawiki."

"Nampenda tu. Ni mpole, anakula mkononi. Nimezeeka, niachie kitu kimoja cha kuchezea."

Alicheka. Akasema mwaka wa arobaini na mbili wa ndoa ndipo anagundua kuwa alioa msichana mdogo. Lakini akakubali. Nikalala nimejisifu jinsi nilivyo na akili.

Siku ya kuchagua ina sheria yake, na sheria ni ya baba mkwe. Anabaki mmoja. Aliyekataliwa huchinjwa siku hiyo hiyo na kuliwa na wageni waliokuja kushuhudia, ili mwenye nyumba asipate pa kurudi nyuma. Mzee alikuwa akisema mwenye jogoo wa akiba hajachagua, amebabaisha. Na neno la mwenye uwanja mgeni halipingi. Anaweza kwenda kulicheka njiani, lakini si uani kwako.

Walikuja watano. Mkubwa wao Bislim wa kijiji cha chini, mfugaji mwenzake Tahir na mtani wake tangu utotoni, mwenye mdomo usio na breki. Jenerali aliwekwa katikati ya uwanja, na hakuchelewa. Akanyoosha shingo, akawika. Sekunde kumi na tano sauti ikaisha. Lakini mdomo ulibaki wazi na shingo imenyooka, akawa anatoa hewa tupu, pwaa, kama tairi linalovuja, mpaka mwisho alipojikunja. Tahir alikuwa anatazama saa na mdomo wa jogoo. Akainua kichwa, uso umemng'aa kama mtoto siku ya Idi.

"Ngapi kwako, Bislim?"

Nilimwona Bislim akimtazama. Alimtazama kidogo, kisha akanitazama mimi mlangoni, na nikaangalia chini. Yule mtu wa utani, aliyekuwa akingoja mwaka mzima apate la kumcheka Tahir, akafunika saa yake kwa kiganja.

"Thelathini na mbili," akasema, taratibu, midomo ikionekana.

Wengine wakaitikia. Tahir akavua kofia akajifuta jasho, na baridi ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa inauma mifupa. Halafu mmoja wao, kijana asiyejua lolote, akauliza yule wa nyuma ya kuni ni wa nini. Tahir akasema ni wa mkewe, wa kuchezea. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko hicho alikiona, na nikamwona akikaza taya.

"Anampenda kwa upole," akasema. "Upole hautotolewi. Baba yangu hakuacha wawili, na mimi siachi wawili. Wageni watakula."

Akamkamata, akamfunika kwa tenga na kutupia gunia juu, akageuka kwenda kunoa kisu. Na humo ndani, gizani, Mpole akawika.

Sijui niwaelezeje. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakaa. Ikakaa. Wanaume watano wakasimama kama waliofungwa miguu. Mkono wa Bislim ulikuwa umebonyeza saa wenyewe. Na Tahir ametupa mgongo, anaendesha kisu kwenye jiwe, anasimulia kwa sauti kuu jinsi kicheche alivyopita chini ya waya mwezi wa tatu. Jogoo anawika, yeye anasimulia. Mpaka sauti ile ilipokwisha, yeye hajafika mwisho wa kicheche. Ilikuwa arobaini na nane. Niliiona kwenye saa ya Bislim, aliigeuzia kwangu.

Hapo wote wakajua. Siri yangu ya miaka mitatu ikawa imelala katikati ya uwanja, na aliyekuwa haijui ni mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini hawakusema kilio kitakuwa cha jogoo.

Bislim alijitahidi, Mungu amlipe. Alizunguka akasimama mbele ya Tahir, akamwomba amwachie huyo jogoo aende naye kwake, hai. Tahir akamwangalia kama aliyetukanwa.

"Nikupe bubu wangu? Kesho utapita vijiji vyote ukisema Tahir amekupa taka. Mgeni wangu anakula, habebi makapi."

Bislim angeongeza neno gani bila kumvua nguo rafiki yake mbele ya watu? Akarudi nyuma. Nikabaki mimi. Nilisogea mpaka begani kwa mume wangu. Alikuwa ameshapiga goti, mkono mmoja ndani ya tenga. Nikamwambia, "Siye wa kuchinjwa huyu, Tahir. Huyu ndiye. Amewika, huyu ndiye wa baba." Nilisema kwa sauti ile ya mke mbele ya wageni. Aliona kivuli changu tu. Akatikisa kichwa bila kugeuka, akasema, "Eh, eh, najua, utapata mwingine." Akataja jina la Mungu akakata.

Ningepiga kelele. Nina sauti mimi, ng'ombe akiingia kwenye mahindi wananisikia mpaka barabara kuu. Nilinyamaza kwa kumwonea aibu mume wangu, nikabeba jogoo wake kwenda kumnyonyoa. Nilipomsafisha, koo lake lilikuwa refu kuliko kiganja changu. Nikampika, nikamwaga supu juu ya mkate wa mahindi, nikaweka na pilipili za siki. Walikula. Walikula kila kipande, maana ukibakisha umemtukana mwenyeji, na hakuna aliyetania hata mara moja. Tahir akanifuata jikoni kunisifu jinsi wageni walivyokula kwa adabu.

Majike wawili waliobaki tukamwachia Jenerali.

Mwezi wa kwanza mke wa Arsim alijifungua. Wakatupigia, mtoto analia ndani ya simu, na Tahir anauona mdomo mdogo umefunguka wala hasikii kitu. Alisimama, akaenda kwenye kopo la biskuti. Akaivaa ile mashine, akamsikia mjukuu wake, akalia mpaka simu ikakatika. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilijua pia kinachokuja.

Kesho yake alfajiri niliamka nikamkuta ameketi kitandani, mashine sikioni, anangoja. Jenerali akawika. Kumi na tano, halafu pwaa. Akangoja tena. Mara ya pili, ile ile. Ya tatu.

"Hanife. Huyu ndiye thelathini na mbili?"

"Ndiye."

Akanigeukia.

"Na yule wako. Alikuwa anawika?"

Uongo nilikuwa nao mdomoni tayari, nimeshauzoea. Ukakataa kutoka.

"Alikuwa anawika. Gizani, kabla hujamfungulia mlango. Arobaini na sita. Siku ile ndani ya tenga, arobaini na nane. Ilikuwa sauti ya baba yako, Tahir."

"Siku ile nilikuwa nimesimama pale."

"Ulikuwa unanoa kisu."

"Bislim alisikia?"

"Wote walisikia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

"Na alfajiri ngapi?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Nami nimelala hapa."

"Hapa hapa."

Nilingoja anitukane. Niliomba anitukane. Alivua ile mashine, akaishika kiganjani, akaniangalia usoni ili anisome. Kisha akasema mwenyewe.

"Ungepiga kelele, kizee wangu. Ningekusikia."

Akairudisha kwenye kopo, akavaa koti, akatoka kwenda kuwavunjia kuku barafu kwenye maji yao. Matetea wameanza kutaga tangu mwezi jana, mayai sita kwa wiki. Hatuyaatamishi, tunayala.