Kikombe cha Buluu

Kabla sijaajiriwa, maji machafu yaliyotoka katika kiwanda cha nguo yalikuwa na rangi ya vitambaa vya siku hiyo. Jumatatu buluu, Jumatano nyekundu ya sweta za shule, Ijumaa nyeusi. Mto unaopita nyuma ya mtaa wetu wa Lucky Summer uliyapokea hivyo hivyo, na hakuna mtu aliyeyagusa. Hata mbwa waliyaruka.

Mwaka wa tisini na saba nikaja mimi, Lorine, na stashahada ya kemia na woga wa kuongea mbele ya watu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kiasi cha shabu, ile chumvi ya kusafishia maji. Kila asubuhi nilipanga bilauri sita za maji machafu, nikatia shabu kidogo katika ya kwanza na kuongeza hadi ya sita. Nilizikoroga upesi, kisha polepole, kisha nikangoja. Katika bilauri iliyopata kipimo chake, rangi ilishikana ikawa mabonge mepesi kama usufi, yakazama, na juu yakabaki maji maangavu. Niliandika kipimo hicho ubaoni, na Dishon, mwenye zamu ya matangi, akakichanganya na chokaa katika tangi kubwa.

"Madam, wewe ni mganga," aliniambia siku ya kwanza maji yalipotoka bila rangi. "Shilingi ikianguka hapa naiona mpaka kichwa."

Nilifurahi sana. Ile furaha bado inanichoma.

Mwezi wangu wa pili kazini mabomba ya mtaa yalikauka. Jumapili ya tatu ya ukame huo tulifanya ibada nyumbani kwa Mama Mourine, jirani yangu katika ploti ya vyumba vya kupanga. Nilipohamia pale sina hata jiko, aliniletea ugali na mboga mwezi mzima, akidai amepika mwingi kwa bahati mbaya. Ulipofika wakati wa ushuhuda, alisimama na binti yake wa miezi saba mgongoni.

"Nashukuru Mungu kwa huyu msichana wetu," alisema akinielekeza kidole. "Mto ulikuwa wino. Sasa ni kioo! Jana nimefua nepi za Mourine pale, nikamwogesha. Msichana wetu ametusafishia maji!"

Vigelegele vikapigwa. Wote wakanigeukia.

Nilijua kuna kitu ambacho shabu haikishiki. Tulitumia chumvi za kromu ili rangi isichujuke kwenye kitambaa, na chumvi hizo zenye sumu, zikishayeyuka, zilipita matangini bila kuonekana. Nilikuwa nimezipima. Nilipaswa kusimama niseme: mama zangu, msiyaguse. Nilibaki nimekaa. Wote walikuwa wakinitazama kwa upendo.

Nikasema, "Amina."

Jumatatu, kutoka dirisha la maabara, nilihesabu wanawake kumi na wanane mtoni na mitungi yao. Nilikwenda kwa Bwana Gichuru, meneja, kuomba kibao cha onyo.

"Kibao kiseme nini?" aliuliza. "Kwamba maji yetu ni sumu? Nimenunua shabu, nimejenga matangi, wakaguzi wamepiga picha. Sasa nijishtaki mwenyewe?"

"Hata kidogo tu, karibu na bomba la kutolea..."

"Lorine. Rudi kwenye bilauri zako."

Jioni nilimkuta Mama Mourine akipaka Mourine mafuta. Mapajani mtoto alikuwa na vipele vyekundu. Sikuweza kuapa kwamba vilitokana na mto, na sikuweza kuapa kwamba havikutokana nao.

"Mama, yale maji si mazuri," nilisema, sauti yangu ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Maji gani?"

"Ya mtoni. Yana dawa ya kiwandani. Haionekani."

Akacheka. "Haionekani! Msichana wangu, mimi nimekunywa maji ya kisima yenye vyura nikakua. Haya meupe pee ndiyo yaniue? Na kule ibadani mbona hukusema? Ama meneja amekutuma utufukuze?"

"Hapana, mama."

"Basi tulia. Wewe unaogopa mpaka kivuli chako." Akanipa kikombe cha chai. Nikauliza ni maji ya wapi. Akatazama pembeni, na chai ikapoa mkononi mwangu.

Asubuhi nilipanga bilauri zangu sita kama kawaida, nikapata kipimo, nikakiandika. Kisha nikaenda ghala la rangi, nikachota kikombe kimoja cha buluu ya sare, nikampelekea Dishon.

"Hii imwage kwenye mfereji wa mwisho. Baada ya matangi."

"Baada?" Alitazama kikombe, akanitazama. "Maze, Madam, tunasafisha halafu tunachafua? Huko college mlifunzwa nini?"

"Wakiona rangi hawatachota."

Alitazama upande wa mto. Mama yake pia alikuwa akichota pale, nilikuwa nimemwona. "Gichuru atakufuta kazi," alisema taratibu.

"Najua. Nipe, nitamwaga mwenyewe."

Buluu ilifurika ukingoni mwa kikombe ikanichafua vidole, nami nikaimwaga yote. Utepe wa rangi uliteremka mferejini, ukatoka nje ya ukuta, ukafunguka mtoni. Nilisikia yowe la kwanza, kisha matusi. Nikakimbilia dirisha la maabara: wanawake walimwaga mitungi yao chini na kuondoka, wengine wakirusha mawe kwenye geti letu. Mama Mourine alibaki nyuma. Alikuwa amekwisha kuloweka nguo za watu, kazi iliyomlisha, na beseni zima lilikuwa limegeuka buluu.

Nilirudi kwenye ploti kabla ya saa za kutoka, barua ya Bwana Gichuru ya kunifuta kazi mfukoni. Mama Mourine alikuwa uani, akisugua shati jeupe la mtu kwa maji ya kununua. Doa halikutoka.

"Umeona hao watu wako?" alisema bila kuinua kichwa. "Wameharibu tena."

Ningeweza kuitikia tu. Ingekuwa rahisi kama amina.

"Si wao," nilisema. "Ni mimi, mama. Nimetia rangi ili msichote."

Mkono wake ulisimama juu ya shati. Aliniangalia vidole, akaangalia doa, akarudi kwenye vidole. Mourine akalia ndani, naye mama yake akamwendea. Nilichuchumaa mbele ya beseni, nikachukua sabuni, nikaanza kusugua.

Alipotoka na mtoto, hakunisalimu. Lakini hakunifukuza.